Bango la Nyuma ya Mlango wa Stoo

Ukitaka kugombana na mtu usiyemjua hapa Liège, nenda soko la La Batte Jumapili asubuhi. Kando ya mto Meuse meza zimepangwa mpaka macho yanachoka: jibini, kuku wa kuchoma, soksi za sufu, ndege kwenye vizimba, na kule mwishoni wauza vitu vya kale. Watu wanasukumana, wauzaji wanapayuka, na kila mtu anaamini kwamba kitu alichokishika amekiona yeye kwanza.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Lambert na Noëlla. Lambert alikuwa ameshika pembe moja ya bango la tangazo la dawa ya kung'arishia majiko, bango la enzi za bibi zetu, lenye paka mweusi anayejitazama kwenye jiko kama mtu aliye mbele ya kioo. Pembe ya pili ilikuwa mkononi mwa Noëlla. Hakuna aliyeachia.

Lambert Dechesne alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mrefu, amevaa koti la mahameli lililopauka viwiko. Kucha zake zilikuwa na ukoko mweupe wa gundi usioisha hata akisugua vipi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mabango ya kale. Anayaosha, anayabandika juu ya kitambaa kwa gundi ya unga wa ngano, anaziba palipochanika, kisha anapaka rangi mpaka jicho lisitambue kwamba palikuwa na tundu. Noëlla Servais alikuwa na koti jekundu, skafu ya kijani, na nywele fupi zilizoanza mvi ambazo hakuona sababu ya kuzificha. Lambert alimtazama mara moja tu, akasahau kabisa habari ya paka.

"Dada, hili limechanika mgongoni," alisema. "Utajutia pesa yako."

"Na wewe mbona hutaki kuachia?"

"Mimi ndiye daktari wake."

"Vizuri. Basi mimi nanunua, wewe unatibu," Noëlla akasema, na kabla Lambert hajapata jibu muuzaji alikuwa ameshalipwa.

Noëlla alikuwa na duka la mashine za kufulia mtaa wa Outremeuse, ng'ambo ya mto. Watu walitia sarafu, wakaketi, wakasubiri nguo zao huku wakitazama kuta, kwa maana kuta zote zilijaa mabango ya zamani ya sabuni za unga, wanga wa kunyooshea kola na rangi ya buluu ya kung'arishia mashuka. Alianza kuyakusanya akiwa msichana, na hakuwahi kuuza hata moja. Lambert alipoingia mara ya kwanza, na mfuko wa mashati ambayo yalikuwa safi tangu nyumbani, alishika kichwa. Alimwambia kwamba kuweka karatasi za kale penye mvuke ni kama kufuga samaki kwenye sufuria. Noëlla akamjibu kwamba mabango ya sabuni yakikaa penye nguo chafu yanakuwa kwao, na yeye kama ana mashati machafu ayalete, haya yananukia pasi.

Kuanzia hapo mapenzi yakaota. Lambert alikuwa akipiga simu kila saa ya chakula cha mchana, mikono bado ina gundi, simu kaibana kwa bega.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimelamba gundi."

"Si unga wa ngano? Ongeza sukari, itakuwa uji," Noëlla alisema. "Njoo jioni, nitakupikia madonge ya nyama. Na uvae lile shati la bluu, linanitoa wasiwasi kwamba nimependa fundi wa bomba."

Lambert alikwenda na shati la bluu. Walikula madonge ya nyama yenye mchuzi mtamu na viazi vya kukaanga, wakatandaza mabango sakafuni, wakabishana lipi limechapwa kwa jiwe, kama wachapaji wa zamani walivyofanya, na lipi ni nakala ya juzi. Noëlla alikuwa na jicho kali kuliko wafanyabiashara wengi, na Lambert alilisema hilo waziwazi, bila wivu. Alikuwa ameishi peke yake miaka mingi akidhani amezoea. Sasa ndipo alipojua kwamba alikuwa amevumilia tu.

Mwaka huo majani yalipoanza kudondoka, mama yake Noëlla, Mama Léontine, alihamia nyumba ya wazee kule kilimani. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, ngazi za nyumbani zikawa hatari. Nyumba ikatangazwa kuuzwa. Lakini jikoni, nyuma ya mlango wa stoo, kulikuwa na bango refu jembamba la sabuni ya Blanchine, na msichana wa viatu vya mbao aliyeinua shuka jeupe kama bendera. Baba yake Noëlla alilibandika kwa gundi moja kwa moja juu ya mbao kabla watoto hawajazaliwa. Noëlla alitaka libanduliwe, litengenezwe, likatundikwe chumbani kwa mama yake.

Kwenda mwenyewe hakuweza. Alimpa Lambert ufunguo, akasema jikoni mle hamwingiliki kwake, atamweleza siku nyingine. Lambert hakumchokonoa. Aliona machozi, akachukua ufunguo.

Kulibandua ilikuwa kazi ya subira, mvuke kidogo kidogo na kisu butu, katika jiko lisilo na taa. Bango lilikuwa limefunikwa utando wa mafuta ya kupikia, la kahawia kama chai ya rangi. Alilikunja, akalipeleka karakana yake, akalilaza mezani na kuliosha. Utando ulipotoka, msichana wa Blanchine akawa msichana tena, mashavu mekundu, shuka jeupe. Na kwenye ukingo wa kushoto zikajitokeza alama fupi za penseli, moja juu ya nyingine, bila jina wala tarehe.

Sasa msikilize fundi anavyowaza. Zamani wabandika mabango walikuwa wakitia alama za penseli ukingoni ili karatasi zikutane sawasawa ukutani. Lambert alikuwa ameziona mara elfu, na mara elfu alikuwa amezifuta, kwa sababu ukingo safi ndio fahari ya kazi yake. Laiti bango lingekuwa limesimama mlangoni, hata mtoto angejua zile alama ni za nini. Lakini lilikuwa limelala mezani, na bango lililolala halina juu wala chini. Alilipiga picha kama ilivyo desturi ya kazi yake kila hatua, akachukua raba laini, akafuta. Kisha akalibandika juu ya kitambaa na kuliweka chini ya ubao mzito likauke. Alikuwa akipiga mluzi, maana alikuwa akimfanyia kazi mpenzi wake.

Simu ya Noëlla ikaja siku ya pili.

"Mpenzi, kuna kitu sikukwambia. Kwenye ukingo wa kushoto kuna vijistari vya penseli. Usiviguse, tafadhali. Ni urefu wa Fabien."

Lambert hakuwa amewahi kulisikia jina hilo. Noëlla akamweleza taratibu. Fabien alikuwa kaka yake, mkubwa kwake. Mama alianza kumpima siku alipoanza shule, na kila siku yake ya kuzaliwa alimsimamisha mlangoni, akaweka kitabu juu ya kichwa, akachora. Kisha homa ya uti wa mgongo ikamchukua kwa siku chache tu. Ukingo wa kulia ulikuwa uwe wa Noëlla, mwaka huohuo alipokuwa aanze shule. Mama hakuchora tena kitu.

"Nyumba nzima, vyake vimebaki hivyo tu," alisema. "Umeviona?"

Hapo ndipo mtu anapopaswa kusema. Neno moja la kweli lingemuuma, lakini lingekuwa limesemwa. Lambert alitazama ubao mzito ulioligandamiza bango. Aliogopa. Alimpenda mwanamke huyu kuliko alivyowahi kupenda mtu, na aliona akimpoteza pale pale, simu ikiwa sikioni.

"Nimeviona," akasema. Hilo halikuwa uongo. "Vipo."

Hilo lilikuwa.

Mchana wa Jumamosi alifunga mlango wa karakana, akatoa ile picha aliyopiga, akapima, akatafuta penseli ya zamani yenye risasi ya aina ileile, na akazirudisha alama moja moja mahali pake, na ule mtetemo mdogo wa mkono wa mama aliyezichora. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Alipomaliza alikwenda kunawa mikono, akanawa muda mrefu.

Walilipeleka kilimani pamoja. Noëlla alivaa gauni la kijivu lenye kola nyeupe, amejipaka rangi ya midomo kidogo. Mama Léontine alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mdogo, nadhifu, sweta limefungwa vifungo mpaka shingoni. Lambert alilitundika bango ukutani kwa urefu wake wa zamani, chini, kama lilivyokuwa mlangoni. Bibi akainuka kwa fimbo, akalisogelea, akapitisha kidole chake ukingoni kutoka chini kwenda juu, polepole. Kisha akageuka akasema kazi ni nzuri, akaomba kahawa.

Noëlla alipiga magoti mbele ya bango. Alitafuta alama ya juu kabisa, akaibusu, akabaki hapo ameegemeza paji la uso ukutani. Lambert alitoka nje kwa kisingizio cha kutafuta sukari.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole linapona. Tangu siku ile Lambert hakuwa mtu. Simu za mchana zikapungua. Akiitwa kula, ana kazi. Akija, anakula ameinamisha kichwa na kuondoka mapema. Kila Noëlla alipomshukuru kwa lile bango, na alimshukuru mara nyingi, uso wa Lambert ulifunga kama duka siku ya mazishi. Mwanamke gani hataona? Noëlla aliona, akafikiri wanavyofikiri watu wote. Aliwaza kuna mwingine. Alimwaza mwanamke mmoja mwembamba, mfanyabiashara wa mabango wa Brussels, ambaye Lambert alimtaja mara mbili, na masikini yule mwanamke hakuwa na habari yoyote.

Siku moja ya baridi kali, theluji imegeuka matope barabarani, Lambert alikuja dukani kuchukua mashati yake. Mashine zilikuwa zikizunguka, vioo vimejaa ukungu. Noëlla alimfungia mlango kwa ndani.

"Sema jina lake," alisema.

"La nani?"

"Lambert, mimi si mtoto. Kama umenichoka niambie hapa, nilie, niendelee kukunja mashuka ya watu. Lakini usinifanye nikae naangalia simu."

"Hakuna mwanamke."

"Kuna nini basi?"

Akamwambia. Alimwambia amesimama, mfuko wa mashati mkononi, bila kujitetea. Alisema habari ya meza, ya raba, ya wabandika mabango wa zamani. Alisema kwamba simu yake ilipokuja kila kitu kilikuwa kimeshafutika. Alisema kwamba alama zilizopo ukutani kwa Mama Léontine ni za mkono wake yeye.

Noëlla alikaa juu ya kikapu cha nguo. Lambert alitamani apige kelele, avunje kitu.

"Nilizibusu," alisema mwishowe. "Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu. Nilibusu penseli yako, na ukaniacha."

"Niliogopa kukupoteza."

"Kufuta ungefuta tu, ningelia, ningekwambia hukujua. Na kweli hukujua. Lakini hiyo nyingine ulikaa ukaifanya. Ulipima." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Chukua mashati yako. Na mama yangu kila asubuhi anaamka anaigusa ile takataka. Sasa mimi nimwambie nini?"

Lambert akaondoka. Alipiga simu jioni, akapiga kesho yake, akapiga wiki nzima. Simu iliita ikakatika. Alituma ujumbe wa kuomba radhi, haukujibiwa. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye alijua nani aliyeyamwaga. Kilichomnyima usingizi si kukataliwa, hilo aliliona ni haki. Ni lile swali la mwisho. Alikuwa amemwachia Noëlla mzigo wa kuchagua: amvunje mama yake moyo, au awe mwongo wa pili.

Basi alivaa shati la bluu, akapanda kilimani peke yake.

Mama Léontine alimtambua kwa hatua. Alimwambia aketi, Lambert akakataa. Alisema ana jambo la kukiri na atalisema amesimama.

"Mama, zile alama za Fabien nilizifuta mimi. Sikujua ni nini. Hizo zilizopo hapo nimezichora mimi, na hilo nilijua ni nini. Noëlla hakuhusika, ameyasikia juzijuzi tu. Nimekuja uyasikie kwangu."

Bibi aliweka kikombe chake kwenye kisahani, akakitafuta kwanza kwa vidole ili asikose.

"Wewe unadhani mimi naviona vile vistari?" aliuliza. "Macho yangu yamekwisha zamani. Nilikuwa napita mlangoni kila siku na kidole. Nilikuwa nakandamiza penseli, nilitaka vidumu, karatasi ikabonyea. Siku ile mlipolileta nilipitisha kidole, nikakuta laini kama sahani. Nilijua palepale."

Ubao mzito wa karakana ulikuwa umelainisha kila kitu. Miaka yake yote alifanya kazi kwa ajili ya jicho, hakuwahi kufikiria kidole.

"Ulijua, na hukusema?"

"Ningesema nini? Binti yangu alikuwa amepaka rangi ya midomo." Bibi alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Usidhani sikulia. Mlipotoka nililia mpaka muuguzi akaja. Zilikuwa za mwanangu. Lakini nilijiambia, Fabien nimekwisha kumzika. Noëlla bado yupo, na alikuwa anacheka. Nikanyamaza."

Lambert naye alilia sasa, mtu mzima, amesimama katikati ya chumba na kofia mkononi. Alisema yuko tayari kuzifuta zile za uongo sasa hivi, raba anayo mfukoni. Mama Léontine alifikiri.

"Kwanza mwambie muuguzi ampigie simu huyo binti yangu," alisema. "Amwambie mama anamwita. Asimwambie zaidi."

Noëlla alikuja na koti jekundu halijafungwa vifungo, anahema, akidhani mama yake ameanguka. Alipomkuta Lambert alitaka kurudi nje. Mama akamwambia akae, akamweleza yote aliyoyajua tangu siku ya kwanza, kwa maneno machache, mikono juu ya fimbo. Noëlla alisikiliza hajavua koti. Alimshika mama yake magoti, akamuuliza kwa nini walikaa wawili katika chumba kimoja kila mmoja akimlinda mwenzake kwa kunyamaza. Mama akasema ndivyo walivyofanya tangu mtoto alipokufa, wala si Lambert aliyeanzisha.

"Anataka kuzifuta," bibi alisema. "Mimi nasema asifute. Zile za Fabien zimekwenda, hazirudi, na mimi sidanganyiki. Hizi si za Fabien. Hizi ni za mwanamume aliyeogopa kukupoteza. Zina thamani yake pia. Lakini wewe ndiye uliyezibusu. Amua wewe."

Noëlla alilitazama bango muda mrefu. Kisha akamwambia Lambert afute.

Lambert alipiga magoti, akafuta alama moja moja kutoka chini kwenda juu, akipuliza vumbi la raba. Alipomaliza ukingo ulikuwa mtupu, mweupe, na msichana wa Blanchine bado ameinua shuka lake. Noëlla aligusa pale pa juu kwa kiganja, akalia kilio alichokuwa amekizuia tangu akiwa na miaka sita, na safari hii Lambert hakutoka nje kutafuta sukari. Alikaa naye sakafuni mpaka kikaisha.

Walitoka pamoja mpaka kwenye ngazi za nje. Mji ulikuwa chini yao, mapaa na moshi, mto ukipita katikati. Noëlla alifunga vifungo vya koti.

"Sijakusamehe bado," alisema.

"Najua."

"Nikikusamehe, nina sharti moja. Kitu kikiharibika mkononi mwako, nipigie siku hiyohiyo. Usikitengeneze kwanza. Niite nikione kimevunjika."

"Nimesikia." Lambert alisita. "Noëlla, nilikuwa nimepanga kukuuliza jambo wakati wa masika. Sina haki tena ya kuuliza."

"Huna. Na leo hapana, umetoka kuniliza." Alipangusa pua kwa kitambaa. "Niulize siku ambayo huogopi kunipoteza. Mtu anayeogopa ndiye anayedanganya."

"Siku hiyo haitafika," Lambert alisema. "Nitaogopa mpaka nife. Kwa hiyo nakuuliza leo, nikiwa na hofu yangu, uione. Utakubali nikuoe hivihivi nilivyo?"

Noëlla alimtazama usoni, akaiona ile hofu.

"Ndiyo," akasema.